Usiing'oe Wufa Bado: Mwongozo kwa Mwenye Maboksi ya Mtumba

Maboksi ya muziki yanayouzwa mtumba mjini Jinja, Uganda, huwa yametembea kuliko wanaoyanunua. Yalianzia sebuleni kwa mtu huko Uingereza au Ujerumani, yakapakiwa kontena pamoja na baiskeli na magodoro, yakashushwa Mombasa, yakavuka mpaka Malaba au Busia, yakauzwa jumla Kampala. Mwisho wa safari pea moja ikafungwa mipira nyuma ya boda, ikapelekwa Budondo kwa barabara ya vumbi. Ukiyawasha jioni ukakuta upande mmoja unaimba na mwingine unakohoa, usishangae.

Kinachofuata ndicho kinachoniudhi. Mwenye mali anatangaza kwamba wufa imekufa, anaibeba kwa fundi, fundi anafunga nyingine yoyote inayoingia kwenye tundu. Boksi linatoa sauti, pesa inalipwa, na pea iliyoundwa kiwandani ifanane haifanani tena. Nimeona wufa nzuri kabisa za KEF na Wharfedale zikitupwa kwa sababu ya waya uliochomoka ndani. Kwa hiyo shika hili kabla ya mengine yote: spika isihukumiwe bila ushahidi, na ushahidi unapatikana kwa vitu vichache vya bei ndogo. Tafuta mita ya kupimia umeme, hata ile ya bei ya chini, bisibisi, betri moja ya tochi ya volti 1.5, na simu yenye programu ya kutoa mlio mfululizo.

Tuelewane kwanza. Nikisema boksi, namaanisha kasha zima. Nikisema spika, namaanisha kila duara lililofungwa ndani yake: wufa ya besi, twita ya sauti kali, na kwenye maboksi makubwa, spika ya kati.

Anza nyuma ya amplifaya. Iwashe sauti ikiwa chini kabisa, huku wavu wa boksi ukiwa umetolewa, na uitazame wufa. Ikiruka mbele au kurudi nyuma ikaganda hapo huku ikivuma, zima papo hapo. Hiyo ni amplifaya inayomwaga umeme wa moja kwa moja, yaani DC, kwenye spika, na ukiihamishia spika nzima utakuwa na mbili zilizoungua. Mwenye mita aiweke kwenye volti za DC, aguse penye kufungia nyaya za spika wakati hakuna muziki unaopigwa. Milivolti chache, hata hamsini hivi, si neno. Ukisoma volti nzima nzima, tatizo lako liko kwa fundi wa amplifaya, na maboksi yakae pembeni.

Kama hapo pako salama, zima amplifaya, chukua waya wa boksi la kushoto uufunge kulia, na wa kulia uufunge kushoto. Washa tena. Kasoro ikihamia boksi la pili, maboksi yako hayana kosa: tafuta kwenye amplifaya, au kwenye waya unaotoka kwenye simu au deki. Kasoro ikibaki kwenye boksi lile lile, badilishana nyaya za spika zenyewe, kwa sababu waya uliokatika ndani ya plastiki hauonekani kwa macho. Ikiendelea kubaki pale pale, sasa una haki ya kushika bisibisi. Kazi yote haichukui muda wa kunywa chai, na ndiyo watu wanayoiruka. Unapofunga nyaya hakikisha hakuna hata uzi mmoja wa shaba unaogusa upande wa pili, maana uzi mmoja unatosha kuunguza amplifaya.

Kabla ya kufungua, jua ni spika gani inayolalamika. Viringisha gazeti, Bukedde la jana linafaa, liwe bomba. Weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe mbele ya kila spika, sauti ikiwa ya chini. Sikio tupu hudanganyika kwa urahisi, kwa kuwa mkwaruzo wa wufa huenda juu na mtu akadhani ni twita. Pia mulika tochi ndani ya tundu la hewa la boksi. Mende, panya na nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda pale. Kipande cha udongo kinachocheza ndani hutoa mlio ambao hakuna mita itakayouona.

Sasa tuseme boksi liko kimya upande wa besi. Toa skrubu za wufa, ivute taratibu, na kumbuka waya upi ulikuwa kwenye alama ya kujumlisha. Piga picha kwa simu. Chomoa waya mmoja, vinginevyo mita itapima na krosova, yaani kile kibao kinachogawa sauti kati ya wufa na twita. Gusanisha ncha za mita zenyewe kwanza usome kiasi chake, ukitoe baadaye. Kisha pima spika. Spika iliyoandikwa omu 8 haisomi 8: husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Ya omu 4 husoma 3 na pointi kadhaa. Namba ya nyuma ya spika ni ya muziki unapopita, na mita inapima waya uliotulia. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wameambiwa spika yao ya 8 imeharibika kwa kuwa mita ilisoma 6.2, wakanunua nyingine.

Mita isiposoma kitu, kuna njia imekatika mahali. Usiseme bado kwamba koili, ule waya unaosukuma koni, imeungua. Tazama nyuma ya koni: kuna nyuzi mbili laini za kusukwa zinazotoka kwenye vishikizo hadi katikati ya koni. Hizo hucheza kila besi inapopiga, miaka ishirini au thelathini, na hukatika kama kamba ya viatu, aghalabu pale zinapoungana na kishikizo. Gusa ncha za mita pale nyuzi zinapoingia kwenye koni. Ukipata omu 6 hapo na hukupata kitu kwenye vishikizo, koili ni nzima na kilichokufa ni uzi wa sentimita chache. Dalili yake kabla ya kukatika kabisa ni spika inayokuja na kupotea, ikirudi ukiisukuma koni kidogo kwa kidole. Fundi yeyote wa redio anaweza kuilehemu, ila aambiwe asijaze solda nyingi, kwa sababu solda hupanda ndani ya uzi na kuufanya mgumu, nao utakatika tena kando ya pale pale. Uzi uachiwe ulegevu wake. Ukivutwa ukakaza, utagonga koni.

Ukikuta nyuzi ni nzima na bado hakuna kipimo, koili imeungua. Inuse. Harufu ya vanishi iliyoungua haifichiki.

Mkwaruzo ndio wenye mambo mengi, na hapo sina haraka. Spika ya leo bado inafuata njia ile ile waliyoieleza Wamarekani Chester Rice na Edward Kellogg mwaka 1925: koili ya waya mwembamba imegundishwa kwenye koni, nayo inaning'inia ndani ya mfereji wa sumaku, ikipanda na kushuka bila kugusa upande wowote. Nafasi iliyobaki kila upande haifiki milimita moja. Koili inashikiliwa katikati na vitu viwili tu. Nyuma kuna kitambaa chenye mikunjo, mafundi huita spaida, na mbele kuna ukingo laini unaozunguka koni. Kimoja kikilegea, koili inaegemea chuma na kuanza kusuguana nacho.

Ilaze spika chali mezani. Weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka kofia ya katikati, visambae sawasawa, usukume koni chini milimita chache, pole pole, kisha uiache ipande. Zima redio na uwafukuze watoto. Spika nzima haisemi kitu. Ukisikia mlio mkavu, mfano wa msasa juu ya bati, koili inagusa. Sukuma tena ukiegemeza kidogo upande mmoja, kisha mwingine. Mlio ukipotea unapoegemea upande fulani, koili haijaharibika umbo, imehama tu kutoka katikati, na una matumaini. Ikisugua kila upande, inaelekea imevimba kwa joto, au kuna uchafu mferejini, hasa vumbi la chuma ambalo sumaku imelivuta kupitia kofia iliyotoboka.

Tazama sumaku kwa nyuma. Sumaku hiyo ya duara, nene na nyeusi, inatakiwa ikae katikati ya sahani za chuma zilizo juu na chini yake. Ikiwa imetoka upande mmoja, boksi liliangushwa njiani na gundi ikaachia. Wapo wanaoigonga kwa nyundo irudi. Mfereji hauwezi kuwekwa sawa kwa nyundo, na hiyo ndiyo spika ambayo mimi ningeiacha.

Mara nyingi zaidi mkosaji ni ukingo wa mbele. Maboksi mengi ya miaka ya 1980 na 1990 yalipewa ukingo wa sponji, na sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa hata boksi likiwa limefunikwa stoo bila kupigwa. Kwa wanaoishi kandokando ya Nile hilo halihitaji maelezo. Iguse kwa ncha ya kidole: ikibaki unga wa kahawia au ikinata kama lami, imekwisha, hata kama bado haijachanika. Ukingo wa raba huishi muda mrefu zaidi, na wa kitambaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kama una pea mbili mbele yako zenye bei sawa, chukua yenye raba.

Ukingo wa sponji hubadilishwa, na spika inabaki ile ile. Mpya huuzwa kwa kipimo, nawe upime kipenyo cha koni na cha fremu kwa milimita. Inchi zilizoandikwa kwenye boksi haziaminiki. Kwangua sponji ya zamani yote kwa kisu butu, maliza na spiriti, bila kulowesha koni ya karatasi. Gundisha ukingo mpya kwenye koni kwanza, uache ukauke kabisa. Kisha kata kofia ya katikati kwa wembe, ukifuata mzunguko wake, na chomeka vipande vinne vyembamba vya filamu ya picha kati ya koili na chuma cha kati, vibane kidogo, vikiishikilia koili mahali pake. Hapo ndipo unagundisha ukingo kwenye fremu. Acha hadi kesho yake. Toa filamu, rudia lile jaribio la vidole, na kama kuna ukimya ndipo kofia irudi. Gundi nyeupe ya mbao inafaa kwa koni ya karatasi, nayo ina subira: ukikosea una dakika kadhaa za kusogeza. Kwa koni ya plastiki itabanduka, tumia gundi ya raba. Supaglu usiilete karibu, hukakamaza sponji na haikupi nafasi ya kurekebisha.

Wapo mafundi wanaokata ukingo kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Unashika kweli, na kwa kilabu cha pombe njiani siwezi kuulaumu. Lakini tyubu ni nzito na ngumu, koni haiendi ilikokuwa ikienda, na besi inabaki kishindo kitupu.

Twita ni hadithi nyingine. Kwenye twita sioni mkwaruzo sana, naona kifo, na sababu naijua. Kwa Mbale na vilima vyake, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ni mwaka wa imbalu, yaani sherehe za tohara. Uzinduzi hufanyika Mutoto, ngoma za kadodi zinatembea vijijini, na kila ua wenye sherehe unataka muziki. Maboksi ya sebuleni yanatolewa nje. Sebule ilikuwa na kuta za kurudisha sauti, ua hauna, basi mtu anaongeza, anaongeza, hadi amplifaya ndogo inaishiwa nguvu na kuanza kukata vilele vya mawimbi. Sauti hiyo iliyokatwa ina ukali mwingi usiokuwa kwenye wimbo, na ukali wote unakwenda kwa twita, yenye koili ya waya mwembamba sana. Ndiyo maana amplifaya ya wati 30 iliyokabwa koo inaweza kuua twita ambayo ya wati 100 inayopumua isingeigusa. Maboksi ya harusi na maboksi ya sebuleni si ndugu, na anayekuja kuazima aambiwe hivyo kwa upole.

Twita ipime kwa mita vile vile. Isiposoma kitu, imekwisha. Ikisoma vizuri lakini inasikika hafifu kuliko mwenzake, kuna mambo mawili. Baadhi ya twita huwekwa mafuta yenye chembe za sumaku ndani ya mfereji, na mafuta hayo hukauka na umri, yakaigandisha koili. La pili ni kapasita ya krosova. Usiipime twita kwa kuiunga moja kwa moja kwenye amplifaya: kapasita ndiyo inayozuia besi isiifikie, na bila hiyo wimbo mmoja unatosha kuizika. Kuba ya twita iliyobonyezwa na kidole cha mtoto mara nyingi inaonekana vibaya kuliko inavyosikika. Utepe wa gundi ukigusishwa juu yake na kuvutwa polepole huirudisha.

Krosova ya boksi lililokuja kwa boda naikagua hata kabla ya spika. Ina koili nzito za shaba zilizosimama juu ya kibao chepesi, na kwa kila shimo la barabara zinavuta miguu yao. Mulika chini ya kibao utafute mduara mwembamba mweusi kuzunguka mguu. Hapo solda imepasuka, na kuilehemu upya ni kazi ndogo. Kapasita za zamani za mkebe hupoteza kipimo chake. Ukibadilisha, chukua yenye maikrofaradi zile zile, volti zisizopungua za mwanzo, na iwe ya aina isiyo na upande wa kujumlisha wala kutoa. Ile ya kawaida ya redio yenye mstari wa kutoa haifai hapa. Badilisha pande zote mbili kwa pamoja.

Haya yote yanarahisika ukiyajua kabla ya kulipa. Muuzaji atakuambia, "Ssebo, hii ni orijino ya Uingereza, haina tatizo." Mjibu, "Nakuamini, ndugu yangu, niruhusu tu nitoe wavu." Gusa ukingo. Kisha gusa betri yako ya volti 1.5 nyuma ya boksi, kujumlisha kwa kujumlisha, mguso wa sekunde moja. Wufa itaruka mbele kidogo na kutoa tuk. Isipocheza, kuna njia iliyokatika. Ikirudi nyuma wakati ya boksi la pili inakwenda mbele, mtu alishaifungua na kukosea waya. JBL za zamani ziliundwa kwenda nyuma, zote mbili, kwa hiyo hizo usizikatae kwa hilo. Angalia skrubu: zilizolika vichwa zinasema zimeshafunguliwa. Omba kuona wufa zote mbili, na kama za kulia na kushoto zina sumaku tofauti, hiyo si pea tena na bei ishuke au uondoke.

Halafu sikiliza. Weka mlio wa hezi 40 kwenye simu, sauti ya wastani, upandishe taratibu hadi 200. Koili inayogusa itajitaja njiani. Baada ya hapo weka muziki unaoujua. Mimi hutumia Afrigo Band, wanaopiga tangu 1975, kwa sababu saksofoni ya Moses Matovu iko palepale wufa inapoiachia twita, na krosova mbovu inaikata sauti hiyo vipande viwili. Kwa besi nachukua embaire ya Busoga, marimba yale ya magogo yanayopigwa na watu kadhaa juu ya shimo lililochimbwa. Gogo kubwa likipigwa linatoa kishindo na mvumo pamoja. Spika yenye ukingo uliooza inatoa kishindo peke yake.

Ukilazimika kununua spika nyingine, tafuta namba iliyoandikwa nyuma ya sumaku, maana jina la boksi halitakusaidia. Usipoipata, linganisha kipenyo, omu na aina ya ukingo, na ufunge spika mbili mpya badala ya moja. Ile nzima ya zamani itunze kwenye kitambaa kikavu, kuna mtu Iganga au Mbale anaitafuta. Na nyumbani, umeme ukikatika jioni, shusha sauti na uzime amplifaya kabla haujarudi. Kuwa jirani na bwawa la Bujagali na megawati zake 250 hakuizuii amplifaya iliyoachwa juu kutupa kishindo kwenye koni umeme unaporejea.

Ukishafunga kila kitu, yaweke maboksi mawili uso kwa uso, karibu yagusane, na upige wimbo wenye besi nzito. Besi ikijaa chumba, nyaya ziko sawa. Ikiyeyuka ukabaki na sauti nyembamba, spika moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Zima, geuza nyaya za boksi moja tu, washa tena.